Upinde wa Mkono wa Kushoto

"Unatumia mkono wa kulia au wa kushoto?" muuza pinde aliniuliza, kabla hata hajagusa kitu ukutani.

"Wa kulia," nilijibu, kidevu juu, kama mtu aliyeulizwa iwapo wazazi wake walimlea.

Kwetu swali hilo si la mwili, ni la malezi. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, nina saluni yangu, nina wasichana wawili ninaowalipa mshahara, na bado nilijibu kama mtoto aliyesimama mbele ya mwalimu. Wala sikujua kwamba nilikuwa nimesema uongo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaa wa Mobeni hapa Durban, katika duka la vifaa vya uwindaji lililojibanza nyuma ya maghala, mahali ambapo ukipita bila habari utadhani wanauza matairi. Nilifika na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kwa sababu yeye ndiye mwenye pikapu, na mume wangu mwenyewe alikuwa barabarani na lori lake kuelekea Johannesburg. Sikumchukua shemeji anishauri. Nilimchukua aendeshe. Lakini yeye alikuwa ameelewa vingine, na tangu tunatoka mjini hakunyamaza hata kwenye robot, zile taa za barabarani.

"Shemeji, eish! Mwanamuke na upinde? Batu ya kanisa batasema nini?"

"Batasema nyama iko tamu," nilimwambia, "na batauliza kama imebakia."

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko karibu na soko la Warwick, na anayedhani kusuka ni kazi ya vidole hajawahi kusuka. Kusuka ni kazi ya mabega. Unasimama nyuma ya kichwa cha mtu, viwiko juu, tangu wauza dawa za mizizi wanapotandika magunia yao hadi taxi zinapoanza kujaza watu wa kurudi nyumbani, na huthubutu kushusha mikono kwa sababu mteja ana harusi kesho. Fanya hivyo miaka kumi na tano, halafu uje uniambie mwanamke hana nguvu.

Aliyeona hilo kwanza ni mteja wangu mmoja, mama wa Kizulu anayefundisha chuo kikuu kule Westville. Siku moja namsuka, akanyoosha mkono nyuma akanishika bega, akacheka. Akasema ana hobi ambayo hawaambii wenzake wa ofisini: kila Jumapili analenga shabaha kwa upinde, na bega kama langu wanaume wa klabu yao wangelililia. Nilimwambia baba yangu alikuwa mwindaji wa upinde upande wa Fizi, kule Kongo, na kwamba upinde wake ulining'inia juu ya mlango, nasi wasichana tulikatazwa hata kuuruka ukiwa umelazwa chini. "Basi njoo uushike wa kwetu," akasema. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilienda na viatu vya kanisani.

Nililenga miaka miwili kwa upinde wa kuazima. Sikuwa mbaya, sikuwa mzuri. Mishale yangu ilikuwa na tabia moja, nayo ni kwenda kushoto. Nikisogeza kipimo cha kulengea, inarudi katikati kwa wiki moja, kisha inaanza tena safari yake. Nilijaribu kufumba jicho la kushoto mpaka likatoa machozi. Nilijaribu kulibandika plasta. Mteja wangu, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshakuwa rafiki, akanishauri: "Upinde huo si wako. Mrefu kwako, mzito kwako. Nunua wako." Nami nikaamini kwamba kosa ni la upinde, maana ni rahisi zaidi kukilaumu kitu ambacho hakiwezi kujibu.

Mwaka ule haraka ilikuwepo. Mkulima mmoja wa Midlands, nyanda za juu nje ya Durban, mwenye shamba la wanyama pori, aliiruhusu klabu yetu kuja mwezi wa saba kupunguza swala pala waliokuwa wamezidi malisho. Alikuwa na sharti moja. Kila mtu, awe nani, atasimama langoni pake na kurusha mishale mitano kwenye sahani ya karatasi kwa umbali wa mita ishirini na tano. Mmoja ukitoka nje ya sahani, siku hiyo utawashikia wenzako darubini.

Nilipomsimulia mama, aliweka chini ungo wa maharage. Mama anaishi nasi tangu tulipomleta kutoka nyumbani, na si mtu wa kusisimka. Baba alipokuwa hai, nyama yoyote iliyoingia kwetu kutoka porini, ini lilikuwa la mama, kabla ya mgeni, kabla ya sisi watoto, kabla ya baba mwenyewe. Tangu alipokufa, mama hakuwahi tena kula ini la mnyama aliyeletwa na mtu wa nyumba yake.

"Utaniletea?" akauliza.

"Nitakuletea."

"Basi usichelewe, mi niko nazeeka."

Hicho ndicho nilichokwenda kununua Mobeni. Si mchezo wa Jumapili, bali upinde wa kupiga sahani, ili nipate swala, ili mama ale ini.

Muuza pinde alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Durban hii hii, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alisema Kiingereza cha haraka, nami nikimjibu kwa cha kwangu tulielewana. Kwanza alinishushia upinde wa rangi ya waridi.

"Huu kina mama wanaupenda."

"Kina mama gani?"

Akanitazama juu ya miwani. Akaurudisha ukutani, na tangu hapo tulipatana.

Shemeji naye alikuwa ameshaona wake: mweusi, mpana, wenye mvuto wa paundi sabini na sura ya kumtisha hata aliyeushika. "Chukua ule, shemeji. Njo wa maana ule." Nikamwambia auvute basi. Akapanga miguu, akavuta, akaunyanyua ukaelekea darini, akajikunja kama mtu anayeng'oa muhogo, na uzi ukasogea kiasi cha kidole. Akadai umeharibika. Mzee akampa mwingine, mwepesi. Huo aliuvuta mpaka mwisho, akafurahi, akataka kuuachia hivyo hivyo bila mshale, na mzee akaurukia mkono wake kama mama anayemuona mtoto amekaribia jiko. Upinde wa kapi haufyatuliwi mtupu. Nguvu inayokosa mshale wa kuibeba inarudi kwenye upinde wenyewe na kuupasua. Shemeji akaenda kusimama karibu na viatu.

Mimi niliomba kigoda. Mteja wangu alikuwa amenifundisha: upinde wa kuwindia unaujaribu umekaa, kwa sababu ndani ya kibanda cha kuvizia utakuwa umekaa. Unaunyoosha mbele, usawa wa kifua, na unavuta polepole bila kuuelekeza mbinguni. Ukikulazimisha kuomba Mungu, ni mzito, uache. Na pinde hizi zenye kapi mbili kwenye ncha zina siri yake: mwanzo wa mvuto ni mzito, lakini ukishavuka katikati, kapi zinageuka na mzigo karibu wote unakuondokea, ukabaki umeshikilia kwa nguvu kidogo huku unalenga. Kwa hiyo usikubali kudanganywa na ule mwisho mtamu. Pima ule mwanzo.

Nilivuta sita. Mmoja mpini wake ulinijaa mkono mno, nikakataa. Mwingine ulikuwa mrefu kwa mikono yangu, uzi ulifika sikioni badala ya pembeni ya mdomo, nikakataa. Mzee alinipima toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akaandika, akafungua skrubu, akafunga, na wa saba ulikuja mkononi kana kwamba nilikuwa nimeuacha pale wiki iliyopita. Paundi arobaini na tano, mfupi, mwepesi, rangi ya majani makavu. "Huu," nikasema. Nilijisikia vizuri sana. Kuna raha ya pekee katika kujua unachokitaka mbele ya wanaume wawili waliodhani hujui.

"Rusha mitatu kwanza," akasema mzee.

Nyuma ya duka palikuwa na ujia mrefu wenye shabaha mwishoni. Nikarusha mitatu. Yote mitatu ilikwenda kushoto, imebanana pamoja kama ndugu.

Nilitegemea atashika kipimo cha kulengea. Hakukishika. Alikuwa hatazami shabaha, alikuwa ananitazama usoni.

"Unainamisha kichwa," alisema. "Nani analenga hapo? Jicho gani?"

Akaniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, niiunganishe nibakize tundu dogo katikati ya vidole, na kupitia tundu hilo niangalie saa ya ukutani, macho yote mawili wazi. Nikaiona. "Fumba la kushoto." Nikafumba, saa ikapotea, nikabaki naangalia rangi ya ukuta. "Fumba la kulia." Saa ikarudi, katikati kabisa, na mshale wake wa dakika. Tulirudia mara tatu. Kila mara jicho lililokuwa likilenga lilikuwa la kushoto.

"Na mkono?" akauliza.

"Nimeshakuambia. Wa kulia."

Akasema sawa, akageukia meza yake, kisha bila kuonya akanitupia kitu. Kilikuwa kigurudumu cha utepe wa kubandikia. Nikakidaka.

Sote watatu tukautazama mkono uliokidaka. Ulikuwa wa kushoto.

Shemeji aligeuza uso. Yeye ni mtu wa kwetu, alijua ameona nini. Kwa mzee wa duka ilikuwa habari ya vipimo tu, lakini kwetu nilikuwa nimevuliwa nguo.

Nilikuwa na miaka mitano au sita mama alipoanza kunifunga. Alichana kipande cha kitenge, akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni, kila wakati wa kula, kila wakati wa kufagia, na nilipoanza shule akamwomba mwalimu aendeleze pale anapoishia yeye. Sikufungwa kwa ukali. Alikuwa akinifunga huku anaimba. Aliniambia mkono ule ni wa kazi za chooni, kwamba mwanamke akimpakulia mtu chakula kwa mkono ule hamheshimu, kwamba hakuna mama mkwe atakayekula kwangu. Mwaka mzima, labda zaidi. Kitenge kilikuwa cha njano na ndege wa kijani. Siku moja hakunifunga, nami nikachukua kijiko kwa mkono wa kulia bila kufikiri, na mama akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Na nikasahau. Hilo ndilo lililonichoma pale Mobeni. Si kwamba nilifungwa, bali kwamba nilisahau kabisa, mpaka ningeapa kanisani. Durban nayo haikunikumbusha, maana Wazulu nao wanapokea na kutoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima, kwa hiyo nilifika hapa na adabu yangu ikakuta ndugu zake. Miaka miwili nilikuwa nalenga kwa mkono wa mama, na jicho langu lilikuwa linajaribu kuniambia, nami nikalibandika plasta.

Nilikasirika. Nasema waziwazi, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nikamuuliza mzee kama ana upinde wa kushoto.

Alikuwa nao mmoja tu. Za kushoto haziagizwi nyingi, alisema, na huu ulirudishwa na mteja. Ulikuwa wa rangi ya matope, na mkwaruzo mmoja kwenye kapi ya chini. Hakuna mtu angeuchagua kwa sura. Akaurekebisha kwa vipimo vyangu, akapunguza hadi paundi arobaini na mbili. Nikaushika mpini kwa mkono wa kulia, nikaweka kifyatuo, kile kidude cha kuvutia na kuachia uzi, kwenye kiganja cha kushoto, nikakaa kigodani.

Miguu ilichanganyikiwa. Mshale niliuweka upande usio wake, mzee akaugeuza. Lakini nilipovuta, mgongo mzima ulikubali, na uzi ulipofika kwenye mdomo nikaona kupitia tundu dogo la kulengea lililofungwa kwenye uzi, bila kufumba chochote, bila machozi, shabaha imetulia kama sufuria juu ya mafiga. Nikaachia. Katikati. Nikaachia tena. Wa tatu uligonga wa pili ukaukwaruza unyoya, na mzee akaniomba nisirudie, mishale ni yake.

Nilicheka kwa sauti. Sikuwa nimewahi kucheka hivyo na upinde mkononi.

"Shemeji," shemeji aliniita pembeni, na safari hii hakuwa anatania. "Mama hatakubali hii kitu. Unajua."

"Najua."

"Ile ya kulia ilikuwa muzuri. Chukua ile. Nani atakuona?"

Nikaununua wa kushoto. Mzee akaniambia nina siku saba: nisipoukwaruza zaidi, naweza kuurudisha na kuchukua ule wa kulia niliokuwa nimeuchagua, na huo wa kulia ataniwekea mpaka Jumamosi. Ninamshukuru kwa nia yake njema, lakini siku saba zile zilinikosesha raha.

Kwenye lifti ya ghorofa yetu jirani wa chini aliona mfuko mweusi akaniuliza kama kwaya imenunua gitaa jipya. Nikasema ndiyo. Siku ile nilikuwa na uongo wa kutosha.

Mama hakukataa upinde. Aliushika, akagonga kapi kwa kucha, akauliza zinakula mafuta gani. Habari ya mwanamke kuwinda haikumsumbua hata chembe. "Njaa haiulizi nani amevaa suruali," alisema. Kisha akaniambia nimwonyeshe ninavyovuta. Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikavuta polepole, bila kuachia, nikaurudisha polepole.

Mama akautazama mkono wangu. Alikuwa amesimama na mwiko.

"Juu ya nini unavuta na mukono ile?"

Nikamweleza: jicho, saa ya ukutani, utepe uliorushwa. Nilieleza vizuri, kama mtu aliyejiandaa. Alisikiliza yote, akarudi jikoni, akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Nilikulea," alisema akiwa amenipa mgongo. "Mwaka muzima nilikaa na weye. Batu walinicheka, walisema ninatesa mutoto. Nikavumilia, juu usiwe mutu wa kuchekwa. Sasa unarudia kule."

"Mama, ni upinde tu."

"Ni nyama. Ni chakula." Akageuka. "Mimi sikule chakula ya mukono ya kushoto. Sijakula hata siku moja, sitaanza Durban. Ukiua na ule mukono, mukule na bwana yako. Mi iko na maharage yangu."

Na mambo yakawa hivyo. Nikichukua upinde wa kulia, mama atakula ini, ila huenda ini lisipatikane. Nikichukua wa kushoto, ini litapatikana na mama hataligusa.

Jumatano nilifunga saluni mapema nikaenda klabuni. Mteja wangu aliniazima tena ule wa zamani wa kulia, nikaupanga pembeni ya wangu, nikarusha mishale thelathini kwa kila mmoja, zamu kwa zamu. Nilitaka mkono wa kulia ushinde. Naandika haya nikijua yananishusha, lakini ni kweli: kila nikishika ule wa kulia nilikuwa naomba. Ulipiga sahani mara kwa mara, kisha bila sababu mmoja unapotelea kushoto, kiasi cha shubiri moja. Nikakaa chini kwenye nyasi nikafikiri shubiri moja ya swala ni nini. Kutoka moyoni, shubiri moja kurudi nyuma ni tumbo. Mnyama aliyepigwa tumboni anakimbia na mshale wako, anakufa kesho mahali usipopajua.

Baba alikuwa na msemo wake: mnyama hafi mara mbili. Alimaanisha usimrushie kama huna hakika ya moja. Niliwahi kumuona amerudi mikono mitupu baada ya siku tatu, mama akamuuliza kama hakuona kitu, akasema aliona, lakini upepo haukumtulia. Mama hakumlaumu. Alimpikia.

Ijumaa nilimkuta mama anakunja nguo. Nikakaa karibu naye.

"Mama, sirudishi upinde."

Akaendelea kukunja.

"Mkono wa kulia unaweza kumjeruhi mnyama akapotea. Ule wa kushoto haupotezi. Na mimi sitaenda pori la mtu kumtesa mnyama ili nionekane nina adabu. Wewe ulinifundisha kumpa mtu chakula kwa heshima. Na mnyama pia nitampa kifo kwa heshima. Hata huo mkono wa kulia ulionizoeza, ndio unaoushika upinde usitikisike. Sijautupa."

Alikunja shati la mume wangu, akalinyoosha kola, akaliweka juu ya mengine.

"Nenda," alisema. "Uvae sweta. Kule iko baridi."

Kuhusu ini hakubadilisha neno.

Mwezi wa saba Midlands si Durban. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na pumzi zetu zilionekana. Mkulima alisimama langoni na sahani zake za karatasi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Wanaume wawili wa klabu waliishia kwenye darubini. Nilipopita mbele na upinde wangu wa rangi ya matope, aliniangalia nilivyosimama kinyume na wote, akaniuliza kama nimeushika vibaya. Nikamwambia asubiri aone. Nikarusha mitano. Alikwenda mwenyewe kuitoa sahani, akairudisha na matundu yake, akanipa. Ninayo hadi leo, iko saluni nyuma ya kioo.

Mchana tulikaa mimi na mteja wangu ndani ya kibanda cha kuvizia karibu na maji. Saa mbili nzima ndege tu. Kisha swala wakaja, majike kwanza, halafu dume mmoja nyuma yao, mwenye pembe moja fupi kuliko ya pili. Nilingoja ageuke ubavu. Upepo ulikuwa usoni kwangu. Mkono wa kushoto ulivuta wenyewe, sikuuambia. Niliona sehemu ile nyuma ya bega lake, ndogo kuliko sahani, nikaachia.

Aliruka, akakimbia hatua chache, akasimama kama aliyesahau kitu, akalala. Basi. Hakulia. Mteja wangu alinishika goti, na hapo ndipo nilipolia kidogo, mimi ambaye nilikuwa nimejigamba njia nzima. Nikajipangusa, tukaenda kumshika.

Ini nilifika nalo nyumbani Jumapili alasiri ndani ya sanduku la barafu. Nililikata mwenyewe, nikalikaanga na kitunguu, chumvi, na pilipili moja nzima bila kuipasua, kama mama anavyopenda. Nilisonga bugali. Pembeni ya jiko ilikuwa imefunikwa sufuria ya maharage, mama aliyapika tangu asubuhi. Hakuwa amesahau neno lake.

Alikuwa amekaa mezani, mikono imelala mbele yake, ameshanawa na ameshaomba. Sikuwa na hakika ya kitu chochote. Nilipakua ini peke yake kwenye sahani, kwanza, kabla ya mtu mwingine, na nikamletea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, vile inavyotakiwa kwetu na vile inavyotakiwa hapa. Nikanyoosha.

Mama hakupokea. Alikuwa anaiangalia sahani.

"Ilikimbia mbali?"

"Hapana, mama. Hatua chache."

"Mishale ngapi?"

"Mmoja."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya zamani baba akimsimulia. Harufu ya kitunguu ilikuwa kati yetu. Mkono wangu ulianza kuchoka.

"Mukono gani ilivuta?"

Alijua. Lakini aliuliza, kwa hiyo nikajibu. "Ya kushoto."

"Basi unanipatia na huyu wa nini?" alisema mama, akausukuma taratibu mkono wangu wa kulia. "Huyu hakufanya kitu. Nipe na ule."

Nikahamisha sahani. Mkono wa kushoto haukuwa umezoea kumpa mtu sahani, mchuzi ukamwagika kidogo juu ya kitambaa cha meza. Akaishika sahani kwa mikono yake miwili, akaiweka chini, akamega bugali, akachovya, akala.